Visiwa vya Tokelau, Nchi Isiyo na Bandari

Msomaji, ukiifunua ramani ya Bahari ya Pasifiki na kutia kidole katikati yake, chini kidogo ya mstari wa Ikweta, huenda usione kitu ila rangi ya buluu na vidoa vitatu vidogo ambavyo ungedhani ni makosa ya mpiga chapa. Hivyo ndivyo visiwa vya Tokelau. Majina yake ni Atafu, Nukunonu na Fakaofo, navyo vimejipanga kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki katika mstari wa maili mia moja hivi. Nchi kavu yote ya Tokelau ikikusanywa pamoja haifiki maili tano za mraba, lakini bahari iliyo milki yake yapita maili za mraba 100,000. Watu wake waliopo nyumbani ni kama 1,500 tu. Na watu hawa wachache wamekwisha kuulizwa mara mbili, mbele ya macho ya Umoja wa Mataifa, kama wanataka kujitawala. Majibu waliyotoa ndiyo sababu kubwa ya kuandika habari zao hapa.

Kwanza yafaa tuieleze nchi yenyewe, maana mtu aliyezoea bara hawezi kuidhania. Tokelau hakuna mlima, wala kilima, wala mto, wala kijito. Kila kimoja cha visiwa vile vitatu si kisiwa kimoja hasa, bali ni pete ya mwamba wa matumbawe, na juu ya pete hiyo vimekaa visiwa vidogo vidogo vyembamba kama shanga katika uzi. Ndani ya pete mna ziwa la maji ya chumvi, limetulia na rangi yake ni ya kijani. Nje ya pete bahari yashuka ghafula kwenda vilindini. Wataalamu husema kwamba hapo kale palikuwa na milima ya moto iliyosimama juu ya maji. Milima ile ilididimia polepole, na matumbawe yakawa yakijenga juu yake kadiri ilivyokuwa ikishuka, hata mlima ukatoweka kabisa ikabaki pete. Mahali palipoinuka sana hapazidi futi kumi na tano hivi juu ya bahari. Udongo ni mchanga na vifusi vya matumbawe. Mnazi wakubali, mkadi wakubali, na mshelisheli pia. Magimbi makubwa yaitwayo pulaka hulimwa katika mashimo yaliyochimbwa mpaka kufikia maji baridi yaliyo chini ya mchanga. Kupita hapo mtu hategemei shamba, hutegemea bahari.

Maji ya kunywa ni ya mvua, nayo hukingwa kwenye mapaa na kuwekwa katika matangi. Mwaka 2011 mvua ilikataa kwa miezi mingi hata wakuu wa Tokelau wakatangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba, na maji ya kunywa yakaletwa kwa meli kutoka Samoa ya Marekani kwa msaada wa New Zealand na Marekani. Mtu amezungukwa na maji pande zote mpaka upeo wa macho, na bado yampasa aletewe maji kwa meli!

Kiwanja cha ndege hakuna. Njia ya kwenda ni moja tu, nayo ni meli itokayo Apia, mji mkuu wa Samoa, maili mia tatu hivi upande wa kusini. Safari huchukua mchana na usiku na zaidi, kwa kutegemea bahari. Tangu mwaka 2016 meli inayofanya kazi hiyo ni Mataliki, na jina hilo kwa lugha ya wenyeji ndilo jina la zile nyota ambazo sisi twaziita Kilimia. Meli ikifika haitii nanga, kwa kuwa nje ya mwamba kina ni kirefu mno. Huelea tu, ikisogea mbele na nyuma, na mashua hutoka kijijini kupitia mlango mwembamba uliopasuliwa katika mwamba. Abiria, magunia ya mchele, madumu ya mafuta, bibi kizee anayerudi kutoka hospitali, wote huteremshwa mashuani katikati ya mawimbi. Nahodha wa mashua huyahesabu mawimbi, akangoja wimbi lake, kisha akaingia kwa kasi. Asiyejua kuhesabu hapewi usukani.

Watu wa Tokelau ni wa kabila kubwa la Wapolinesia, ndugu wa Wasamoa, wa watu wa Tuvalu na wa Wamaori wa New Zealand. Yaelekea walifika katika visiwa hivi yapata miaka elfu moja iliyopita. Jina Tokelau maana yake ni upepo wa kaskazini. Walikuja katika vyombo vya mti vyenye boriti la kando linaloelea ili chombo kisipinduke, na chombo hicho huitwa vaka. Mvuvi wa pwani yetu akiiona vaka ataitambua mara moja, kwani ni ndugu wa ngalawa, ila ngalawa ina matengo pande mbili na vaka ina upande mmoja. Kufanana huku si bure. Lugha ya Tokelau na lugha ya Bukini, yaani Madagaska, zatoka katika jamaa moja, na wataalamu wengi waamini kwamba ngalawa ililetwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki na mabaharia wa jamaa hiyo waliovuka Bahari ya Hindi. Tano kwa Kitokelau ni lima, na kwa Kibukini ni dimy. Mbingu kwa Kitokelau ni lagi, na kwa Kibukini ni lanitra. Hiyo g ya lagi, hawa hawaitamki kama Waingereza. Huitamka kama ng' yetu katika neno ng'ombe.

Zamani Fakaofo ilivipiga vita visiwa vingine viwili ikavitawala. Huko Fakaofo ndiko kulikokuwa na Tui Tokelau, mungu wao mkuu, na alama yake ilikuwa jiwe refu la matumbawe lililozungushiwa mikeka. Mzungu wa kwanza kuiona Atafu alikuwa John Byron, nahodha Mwingereza, mwaka 1765. Mwaka 1791 akapita nahodha Edwards wa manowari Pandora, aliyekuwa akiwatafuta mabaharia walioasi katika meli iitwayo Bounty. Huko hakuwapata, ila aliiona Nukunonu. Dini ya Kikristo ilifika katikati ya karne ya kumi na tisa: Nukunonu wakawa Wakatoliki, Atafu wakawa Waprotestanti, na Fakaofo wakagawanyika. Walimu wa Kiprotestanti walikuwa Wasamoa, na kwa miaka mingi Biblia iliyosomwa ilikuwa ya Kisamoa.

Ndipo ukaja mwaka 1863, na kila mtu wa Tokelau aujua mwaka huo. Nchi ya Peru, iliyoko Amerika ya Kusini, ilikuwa yataka watu wa kufanya kazi mashambani na majumbani. Wenye meli wakatoka Peru wakaenda wakizunguka visiwani kuwatafuta. Waliyemdanganya kwa ahadi walimdanganya, na wasiyeweza kumdanganya walimkamata kwa nguvu. Katika Tokelau walichukua watu wapatao 250, karibu nusu ya watu wote waliokuwako, na hasa walichukua wanaume wenye nguvu. Msomaji wa nchi hizi, ambazo njia zake za misafara zingali na kumbukumbu za minyororo, hana haja ya kuelezwa zaidi. Lakini yafaa afikiri jambo moja. Nchi kubwa ikiporwa watu 250 hulia, kisha huendelea. Kijiji kilicho juu ya mwamba, ambacho chakula chake chote hutoka katika mikono ya wavuvi, kikiporwa wavuvi wake, nani atakayetoka nje ya mwamba asubuhi? Waliobaki walikuwa wazee, wanawake na watoto. Serikali ya Peru iliikataza biashara hiyo mwaka ule ule, lakini ndui na kuhara vilikuwa vimekwisha kuwaua wengi wa wale waliochukuliwa kutoka visiwa vya Pasifiki. Waliorudi Tokelau walikuwa wachache sana. Baadaye wakaja wageni mmoja mmoja, Mreno, Mskoti, Mjerumani, Mfaransa, wakaoa wake wa pale wakazaa, na damu yao imo katika koo za Tokelau hata leo.

Habari za utawala zaweza kusimuliwa upesi. Uingereza iliviweka visiwa hivi chini ya himaya yake mwaka 1889. Mwaka 1916 vikaunganishwa na koloni la visiwa vya Gilbert na Ellice. Mwaka 1925 vikatengwa tena vikapewa New Zealand ivisimamie. Na tangu mwanzo wa mwaka 1949 vimekuwa sehemu ya New Zealand, na wenyeji ni raia wake. Kisiwa cha nne, Olohega, ambacho watu wa Tokelau hukihesabu kuwa ni chao kwa asili, kilikwisha kukaliwa na familia ya Mmarekani tangu mwaka 1856, na mwaka 1925 Marekani ikakitia katika Samoa yake. Katika mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1980 Marekani iliacha madai yake juu ya visiwa vitatu, na Olohega ikabaki kwa Marekani. Wazee hawajalisahau jambo hilo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika nchi hii, nalo ni desturi iitwayo inati. Maana yake ni fungu. Siku ambayo wazee wameamuru kuvua, kundi la wanaume wenye nguvu, liitwalo aumaga, hutoka pamoja baharini. Wakirudi, hakuna anayekwenda nyumbani na samaki mkononi. Samaki wote hushushwa mahali pamoja pwani, wakatengwa kwa aina na kwa ukubwa wao. Wagawaji waliowekwa kwa kazi hiyo huzijua nyumba zote na idadi ya watu walio ndani, nao hugawa kwa kichwa. Aliyekwenda kuvua hapewi zaidi ya asiyekwenda. Mjane ana fungu lake, mgonjwa ana fungu lake, na mtoto aliyezaliwa juzi naye huhesabiwa. Kisha watoto huja na vikapu vya makuti wakachukua sehemu za nyumba zao, na pwani ikawa tupu kama kwamba hapakuwa na kitu. Wako pia viumbe wa baharini, kasa mmojawapo, ambao hata ukimpata peke yako katika siku yako mwenyewe, hana budi kuwa wa kijiji kizima.

Mtu aweza kuuliza, je, mvivu naye hula? Ndiyo, hula. Lakini kijiji ni kidogo, na mvivu hujulikana. Na kukemewa na wazee mbele ya watu wote ni adhabu ambayo katika nchi isiyo na mahali pa kukimbilia huuma kuliko faini. Nadhani desturi hii haikuzaliwa na wema peke yake. Ilizaliwa na hesabu. Penye ardhi ndogo namna ile, mwenye kushiba peke yake leo ndiye atakayelala njaa kesho, siku ambayo mawimbi yamemzuia yeye na kumpa mwenzake.

Hata hivyo inati haijabaki kama ilivyokuwa. Fedha imeingia. Tangu miaka ya 1970 kazi za mshahara zimezidi: mwalimu, muuguzi, karani. Vaka zilizochongwa kwa mti wa kanava zimepisha mashua za bati jeupe lisiloshika kutu, zenye mashine, na mashine yataka petroli, na petroli yataka fedha. Mwenye mshahara aweza kutoka kuvua peke yake saa apendayo. Wazee wa vijiji wamejaribu kuizuia tofauti hii isipasue watu. Watumishi wa serikali hukatwa sehemu ya mshahara wao kwa ajili ya jumuiya, na baadhi ya vitu vifikavyo kwa meli navyo vimepata kugawanywa kwa mafungu kama samaki. Je, watafaulu daima? Wanaojua bei ya petroli hawana haraka ya kujibu.

Wazee hao ndio serikali hasa. Kila kijiji kina baraza lake liitwalo Taupulega, nalo ndilo lenye amri. Kila miaka mitatu watu huchagua Faipule wao, aliye kiongozi wa kisiwa, na Pulenuku, aliye msimamizi wa kijiji. Na wale Mafaipule watatu hushika kwa zamu, mwaka mmoja mmoja, cheo cha Ulu, yaani mkuu wa Tokelau nzima. Hivyo makao makuu ya nchi huhama kila mwaka pamoja na mwenye zamu, na kisiwa hakiwezi kulalamika kwamba jirani yake amekalia kiti. Vyama vya siasa hakuna. Jioni za sikukuu watu hucheza fatele: ngoma ni sanduku la mbao lipigwalo kwa mikono na debe lipigwalo kwa vijiti, na wimbo mfupi huimbwa tena na tena, kila mara upesi zaidi na kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wachezaji wanaishiwa pumzi na wazee wanacheka.

Tokelau imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zisizojitawala tangu mwaka 1946. Nchi nyingi zilizokuwamo zimetoka, na Kenya ikiwa mojawapo mwaka 1963. Visiwa vya Cook vilijipatia serikali yao mwaka 1965, na Niue mwaka 1974, vyote viwili kwa mapatano ya hiari na New Zealand. New Zealand ilitaka Tokelau nayo ifuate njia hiyo, na Umoja wa Mataifa ulitaka pia. Katiba ikaandikwa, na mkataba ukaandikwa, ambao kwa huo wenyeji wangebaki raia wa New Zealand na msaada ungeendelea. Baraza kuu la Tokelau, liitwalo Fono, likaamua kwamba jambo zito kama hilo lisipite kwa wingi wa kawaida, bali theluthi mbili za wapigao kura sharti zikubali.

Kura ya kwanza ilipigwa mwezi wa Februari, 2006. Sanduku lilianza Apia, kwa ajili ya watu wa Tokelau waliokuwa huko, kisha likasafiri baharini kutoka kisiwa hadi kisiwa, pamoja na waangalizi wa Umoja wa Mataifa. Zilipohesabiwa, kura 349 kati ya 581 zilikubali. Ilikuwa asilimia sitini, na haikutosha. Oktoba, 2007, wakauliza tena. Safari hii kura 446 kati ya 692 zilikubali. Theluthi mbili ilikuwa 462. Kura kumi na sita! Koo mbili tu zingebadili shauri, Tokelau ingalikuwa na katiba yake leo.

Hapa msomaji wa Afrika ya Mashariki huenda akastaajabu. Kwetu watu walifungwa na wengine wakafa kwa kudai jambo ambalo hawa waliletewa na mtawala mwenyewe, tena mara mbili, nao wakalirudisha. Lakini tusiwahukumu kabla ya kuwasikiliza. Watu wa Tokelau walioko New Zealand ni wengi kuliko walioko nyumbani mara nyingi. Hesabu ya watu ya mwaka 2018 huko iliwakuta zaidi ya 8,000. Walianza kuhamia kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, kwa msaada wa serikali, hasa baada ya tufani ya mwaka 1966. Hao hawakuruhusiwa kupiga kura, na wengi wao hawakupendezwa. Walioko nyumbani nao walikuwa na mashaka yao. Karatasi yasema msaada utaendelea, lakini karatasi huandikwa na watu, na watu hubadilika. Nchi isiyo na bandari, wala ndege, wala hospitali ya kupasua mgonjwa mahututi, ikikata kamba, hata ile kamba iliyolegea, itajishika wapi upepo ukigeuka? Na wengine waliona kwamba tayari wanajitawala, maana Taupulega haipokei amri ya mtu katika mambo ya kijiji. Wale waliokubali nao walikuwa na hoja, na walikuwa wengi: kwamba mtu mzima hutia sahihi yake mwenyewe. Nami naona walikuwa na haki, ingawa nisingependa kuwa yule aliyepaswa kumweleza bibi wa Fakaofo kwa nini.

Tangu hapo mambo mengine yamekwenda bila kura. Mwaka 2009 Tokelau ilipata bendera yake: vaka ya manjano yenye tanga, yaelekea nyota nne, juu ya buluu. Mwisho wa mwaka 2011 iliifuata Samoa katika kuruka mstari wa tarehe, na watu waliolala Alhamisi, Desemba 29, wakaamka Jumamosi, Desemba 31. Ijumaa ile haikupata kuwako. Mwaka 2012 vikawekwa vyombo zaidi ya 4,000 vya kunasa nguvu za jua, na vijiji vyote vitatu, vilivyokuwa vikiwasha taa kwa mafuta ya dizeli yaliyoletwa kwa meli, vikaanza kupata karibu umeme wote kutoka juani. Ugonjwa wa Korona, uliozunguka dunia yote tangu mwaka 2020, haukufika Tokelau mpaka Desemba, 2022. Kutokuwa na bandari kuna faida yake.

Lakini bahari haikuhesabiwa katika kura zile, nayo ndiyo yenye kauli. Tufani ya mwaka 1990 iliyoitwa Ofa ilivusha mawimbi juu ya vijiji na kutia chumvi katika mashimo ya pulaka. Mwaka 1991 ikaja Val, na mwaka 2005 Percy. Na sasa bahari yenyewe yapanda, kwa kuwa dunia yapata joto, nayo moshi wa Tokelau hauna sehemu ya kutajwa katika joto hilo. Kijiji cha Fale, huko Fakaofo, ni kisiwa kidogo mno ambacho nyumba zimekijaza tangu ukingo hadi ukingo, hata watu wengine walihamia Fenua Fala, upande wa pili wa maji, tangu miaka ya 1960. Nguruwe hufugwa nje kando ya mwamba, na maji yakipwa hushuka kujitafutia kombe mawimbini. Fale imezungushwa ukuta. Saruji yake huja kwa meli kutoka Apia, hushushwa mashuani nje ya mwamba, huingia katika mlango mwembamba wimbi kwa wimbi, na aumaga huibeba begani mpaka ukutani. Ukuta ukipasuka, wazee huita watu, nao hutoka wote.